Kengele ya Lomeri

Ejok, vijana. Nimeombwa niwaandikie maneno machache kuhusu mpira wa yai kwa sababu sasa nimestaafu, na mtu akistaafu hapa Lodwar watu hudhani ana muda mwingi wa kukaa. Muda ninao, siwadanganyi. Ila sitaanza pale mnapotaka nyinyi, kwenye vikombe na nani alimfunga nani. Kila mgeni anayeingia kwenye timu huniuliza swali moja wiki ya kwanza: kwa nini mechi zetu huanza na kuisha kwa kengele ya ng'ombe, ilhali filimbi zipo na siku hizi hata simu inaweza kulia kama king'ora? Nitalijibu swali hilo. Lakini mtanivumilia, maana jibu lenyewe linapitia nchi ya mbali yenye tope.

Kengele hiyo ilikuwa ya dume wangu, Lomeri. Nilizaliwa Kaaleng, na baba alinipa dume huyo nilipokuwa kijana: maksai mwenye madoadoa meusi na meupe, pembe ya kulia imesimama wima, ya kushoto imeinama mbele mpaka karibu na jicho. Baba mwenyewe ndiye aliyeipindisha pembe hiyo Lomeri akiwa bado mdogo, na aliifanya kazi hiyo kwa makini kuliko alivyowahi kunichagulia mimi nguo. Nyinyi mliokulia Kanamkemer kati ya maduka na boda huenda hamjui, basi nieleze. Kwetu mwanaume hupewa dume wa kumwimbia. Anamtungia wimbo, anaitwa kwa jina lake, na akicheza ngoma ananyanyua mikono kuonyesha jinsi pembe zilivyokaa. Mimi naitwa Apalomeri, yaani baba yake Lomeri. Jina langu la shuleni nalitumia benki tu.

Nchi hiyo yenye tope ni Australia. Nilifikaje huko? Kwa maji. Kulikuwa na bwana mmoja wa huko, mtaalamu wa visima, aliyekuja kuchimba Nakalale, nami nikawa mkalimani wake. Wazee walimwambia maneno makali, mimi nikamfikishia yaliyopoa, naye akaniona mtu wa busara kuliko nilivyo. Aliporudi kwao akanitafutia nafasi ya kozi ya mifugo katika mji mdogo wa wafuga kondoo, mji wenye duka moja, baa mbili, na uwanja wa mpira ulioweza kuumeza mji wote ukabaki na nafasi. Nilimwachia ndugu yangu Ekiru yule dume, nikamwambia amtunze kuliko anavyojitunza yeye. Halikuwa sharti gumu, kwa sababu Ekiru hakuwa mtu wa kujitunza.

Mwalimu wangu wa mpira huko aliitwa Merv. Mchana alikuwa mnyoa kondoo, jioni alikuwa kocha. Alikuwa mzee mfupi, mgongo umepinda kwa kazi, lakini viganja laini kwa sababu ya mafuta ya manyoya. Namheshimu mtu huyo mpaka leo kuliko ninavyoweza kuandika. Jambo moja tu lilinisikitisha kwake: kondoo wake walijaa bonde zima na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Mbwa wake alikuwa na jina. Nilimwonea huruma, naye nadhani alinionea huruma kwa jinsi nilivyotetemeka kwa baridi, tukawa sawa.

Watu wa kule ni wafugaji, na mfugaji hanisumbui kumwelewa. Salamu zao ni mvua. Walisimama kwenye tope hadi vifundoni wakilalamika kwamba mvua mwaka huu imekuwa chache, nami nikawa natazama lile tope na kuwaza Kaaleng, nikanyamaza kwa adabu. Jumamosi kila mtu alikuwa uwanjani. Aliyeweza kukimbia alicheza, asiyeweza alipika soseji, na asiyeweza kupika alimtukana mwamuzi.

Sasa mpira wenyewe, kwa wale ambao mmejiunga juzi. Mpira una umbo la yai, na ukidunda huenda unakotaka wenyewe. Kuna nguzo nne kila upande. Ukipitisha katikati ya zile mbili ndefu ni goli, lenye pointi sita. Ukipitisha pembeni unapewa pointi moja ya pole. Na jambo kubwa kuliko yote ni kudaka. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa kitu, filimbi inalia, mchezo unasimama, na unapewa nafasi ya kurudi nyuma na kupiga bila kuguswa. Ila usitoke kwenye mstari wako. Ukitoka, mwamuzi anasema mchezo uendelee, na hapo kila mwenye mikono ana ruhusa ya kukuangusha.

Merv aliniona nikiruka siku ya kwanza, akaenda ndani akaniletea jezi. Kuruka hakukunipa shida. Mtu aliyecheza edonga, ngoma yetu ya kuruka, tangu utotoni anajua kupanda juu moja kwa moja bila kukimbilia, miguu pamoja, shingo imenyooka. Shida yangu ilikuwa kupiga. Nilikuwa naurusha mpira juu kisha naufukuza kwa mguu, nao unaenda kwenye gari la mtu. Merv alinishika mkono akaniambia, "Usiurushe. Uweke." Nilihangaika na neno hilo mpaka nilipokumbuka mtoto wa mbuzi. Unapomweka mtoto wa mbuzi chini karibu na mama yake humtupi, wala hukawii naye mikononi. Unamshusha kwa mkono mmoja, na miguu yake inafika chini ikiwa imenyooka. Tangu siku hiyo mpira ukaanza kwenda mbele. Mnaponisikia nikipiga kelele "mbuzi, mbuzi" wakati wa mazoezi, sijarukwa na akili, ndiyo maana yake.

Basi ikafika mechi yangu ya kwanza ya maana. Tulikuwa nyuma kidogo, muda umekaribia kuisha, na mpira ukaja juu mbele ya goli. Nikaruka. Niliwapita wote, nikaushika kwa mikono miwili juu kabisa, nikatua. Uwanja mzima ulipiga honi za magari, maana kule hushangilia kwa honi. Mimi nikafanya kile ambacho Mturkana yeyote angefanya. Niliubeba mpira katika kiganja cha kulia, nikanyanyua mikono, wa kulia wima, wa kushoto umeinama, nikaanza kumwimbia Lomeri kwa sauti, nikichezea upande kama inavyotakiwa.

Upande huo ulikuwa nje ya mstari. Mwamuzi akasema mchezo uendelee. Mimi sikumsikia, nilikuwa kwenye ubeti wa pili. Kijana mmoja mkulima wa ngano, mpana kama mlango wa ghala, alinikuta mikono ikiwa bado juu. Bega langu la kushoto likatoka mahali pake, mpira ukaenda, mechi ikaenda.

Wenzangu walinibeba, na kusema kweli hakuna aliyenikemea, ingawa mmoja aliuliza kama kwetu watu huwa wanajisalimisha baada ya kudaka. Jioni Merv alikuja kunitembelea, mkono wangu umefungwa kwa kitambaa. Alikaa, akageuza kofia yake mikononi.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Pembe," nikamwambia.

"Pembe za nani?"

"Za Lomeri. Dume wangu."

Wengine wote walikuwa wameniuliza kwa nini. Merv aliuliza, "Rangi gani?"

Vijana, nilikuwa nimekaa katika nchi ile miezi mingi na hakuna mtu aliyeniuliza jambo la maana kama hilo. Nikamweleza rangi, nikamweleza kila doa, pembe ile na pembe ile, jinsi anavyotembea akitoka kunywa maji. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Huyo dume anatembea vizuri?"

"Sana."

"Basi tembea naye. Ukishadaka, usicheze pale pale. Geuka, rudi nyuma kwenye mstari wako ukimwimbia polepole. Wimbo ukiisha, geuka tena, mlete golini."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Bega lilipopona nilijifunza kudakia kifuani, na nikishadaka nilirudi nyuma na wimbo wangu. Ubeti wa kwanza hatua za kurudi, ubeti wa pili kugeuka na kushusha pumzi, na jina lake, Lomeri, ndipo mguu unapokutana na mpira. Wapigaji wote wazuri wana kitu cha kufanya kabla ya kupiga. Mmoja huvuta soksi, mwingine hung'oa majani akayarusha kupima upepo. Mimi nilikuwa na dume. Nilipiga magoli mengi miaka ile, na timu pinzani zikajifunza kupiga honi ili nisijisikie, lakini wimbo wa dume hauimbwi kwa masikio. Bega liliponichosha kabisa Merv akanipa timu ya pili niifundishe, na huko nikagundua napenda kufundisha kuliko kucheza. Kila nilipopata simu ya kwenda nyumbani nilimuuliza Ekiru, "Lomeri yuko?" Naye hunijibu, "Yuko. Anakula tu."

Kabla sijaendelea niwaambie kuhusu mchanga, kwa sababu hili litawasaidia kesho asubuhi. Sheria inasema ukikimbia na mpira lazima uudundishe kila baada ya umbali fulani. Niliporudi na kuanza timu, tulifanya mazoezi kwenye mto mkavu, na nyote mnajua mpira ukidundishwa kwenye mchanga wa mto unabaki pale pale umelala. Watoto walikuwa wanakimbia, wanautupa chini, wanakimbia bila mpira. Sheria hiyo hiyo inaruhusu uugusishe tu chini ukiwa umeushika mikononi. Hivyo tukajifunza kuinama na kugusa bila kupunguza mwendo, na ndiyo maana leo wachezaji wa huku wanainama upesi kuliko wa Nairobi. Kuhusu miiba ya mathenge, mpeleke mpira kwa fundi wa pancha za boda, msijaribu kuuziba wenyewe kwa gundi ya viatu. Nimeona matokeo yake.

Na nguzo. Nguzo za kwanza nilizisimamisha jioni, asubuhi zikawa ua la mtu. Nikasimamisha nyingine, zikawa makaa. Mwishowe nikawaomba watu wanne wasimame badala ya nguzo. Haikufaa, kwa sababu mpira ukija nguzo inainama, na kulikuwa na mama mmoja, nguzo ya kushoto, ambaye mjukuu wake akipiga alikuwa anasogea pembeni kidogo kidogo goli liwe pana. Nilipomwambia akasema upepo ndio unamsukuma. Siku hizi nguzo zetu ni za chuma na zinafungwa kwa mnyororo.

Naona nazunguka. Ninaijua sababu, na nyinyi mkifika umri wangu mtaijua pia. Ngoja nifike Kaaleng.

Kozi ilikuwa imekwisha zamani, kucheza kumekwisha, na niliporudi nyumbani kabisa nilikwenda moja kwa moja mpaka Kaaleng. Ekiru alinipokea. Tuliamkiana, ejok, ejok nooi, tukanywa chai. Nikauliza ng'ombe wako malisho gani, nikasimama niende. Ekiru hakusimama. Aliingia ndani akatoka na kengele, ukanda wake wa ngozi umekauka hadi kukunjamana, akaiweka mapajani mwangu.

"Ilikufa," akasema. "Ile kiangazi mbaya. Siku mingi."

"Lini?"

"Wewe ulikuwa bado hujatoka bega."

Nilihesabu miaka. Maana yake Lomeri alikufa kabla ya magoli yote. Kila nilipogeuka na kurudi nyuma nikiimba anavyotembea kutoka kwenye maji, hakukuwa na dume. Nililia mbele ya ndugu yangu, na sioni aibu kuwaambia. Baada ya kulia nikakasirika, nikamuuliza ni mtu gani anayemdanganya ndugu yake miaka yote hiyo kwenye simu.

Ekiru hana maneno mengi. Akasema, "Ng'ombe ya mtu ikikufa na yeye ako mbali, watu hunyamaza mpaka arudi. Ningekuambia ungelilia wapi huko? Nani angekushika?"

Nilijua ni kweli, ndiyo desturi yetu, na mimi mwenyewe nimewahi kunyamaza hivyo kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini nilipojaribu kupiga mpira wiki ile, kule mtoni, Ekiru akiwa amekaa ukingoni, nilirudi nyuma na kinywa hakikufunguka. Nikapiga kimya kimya. Mpira uliingia kwenye mathenge. Nikapiga tena ukaingia mathenge yale yale. Ekiru alikwenda kuutoa, akarudi na mikwaruzo mikononi.

Basi nilianza kazi ya kufundisha huku na hofu moja moyoni, na hiyo hofu nilikuwa nayo miaka. Niliwafundisha watoto wa Lodwar kuruka, kuinama, kukabana, kupeana mpira kwa ngumi. Nilianzisha timu ya wasichana kule Kakuma, wa kambi ya wakimbizi, wa Kalobeyei na wa mjini pamoja. Lakini kupiga baada ya kudaka, kile kitu kimoja nilichokijua kuliko watu wote, sikuweza kuwapa. Niliwaambia "tulia, vuta pumzi", maneno ambayo kocha yeyote anaweza kusema. Nilifikiri ujuzi wangu ulikuwa umekufa na dume, na kwamba nitastaafu bila kumwachia mtu kitu. Ekiru alihamia Lodwar kunisaidia, nikampa kazi ya kutunza saa. Kengele nilimpa yeye aigonge, kwa sababu mimi sikupenda kuishika.

Wasichana wa Kakuma walikuwa wanapigwa na wasichana wa Lodwar kila walipokutana. Mara nyingine kwa pointi nyingi, mara nyingine kwa chache, lakini walipigwa. Walidaka vizuri kuliko Lodwar na walikosa kila goli la kupiga kwa kutulia baada ya kudaka. Nahodha wao alikuwa Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye ulimi mkali. Mchezaji wao wa mbele alikuwa Furaha kutoka Kalobeyei, ambaye wazazi wake ni wa Kongo. Huyu alikuwa na mikono inayonasa mpira kama gundi na mguu unaotetemeka kila anapopewa nafasi.

Walipokuja Lodwar kwa mechi ninayotaka kuwaambia, niliona mambo si mazuri walipokuwa bado juu ya lori. Wa kambini walikuwa wamekaa upande mmoja, wa mjini upande mwingine, katikati mzigo wa maji. Wiki ile kulikuwa na ugomvi wa kuni kati ya kambi na wenyeji, watu walikuwa wameumizwa. Nyandeng alishuka akaja kwangu.

"Coach, tumeongea," akasema. "Leo tukichapwa tena, hii team imeisha. Wao wacheze kwao, sisi kwetu. Hatuwezi kosana nyumbani na tena tulose hapa."

Nilimwambia sawa. Nilikwenda nikakaa karibu na Ekiru.

Ilikuwa mechi nzuri, nawaambia. Nimeona za Australia zenye watu wengi, na sijaona watu wakiruka vile. Lodwar walitangulia, Kakuma wakafika, Lodwar wakatoka tena. Msichana mmoja wa mjini, wa Kakuma, alikuwa hampi Furaha mpira kipindi chote cha kwanza hata alipokuwa peke yake, akimpa mwingine wa mjini mwenzake aliyebanwa. Nilimwita pembeni. Alitazama miguu yake tu. Mwisho ulipokaribia Kakuma walikuwa nyuma kwa pointi tatu, na ni goli tu lingewaokoa. Msichana yule yule akaupata mpira katikati. Alitazama upande wa wenzake, akatazama mbele. Akaupiga kwa Furaha.

Furaha aliruka akadaka. Miguu yake ilikuwa haijatua vizuri kengele ilipogongwa.

Watu wa Lodwar wakaanza kushangilia, na wengine wenu mliokuwepo mlidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Aliyedaka kabla ya kengele ana haki ya kupiga baada yake. Mwamuzi alimwonyesha mstari, akasubiri. Furaha alibaki amesimama, ameukumbatia mpira, ananitazama mimi. Kocha haruhusiwi kuingia, ila anaruhusiwa kumtuma mtu na ujumbe, na mimi sikuwa na mtu karibu, basi nikajituma mwenyewe. Mwamuzi alikuwa mtu wa Lodwar. Aligeuka akaanza kuchunguza kamba za kiatu chake, na kwa hilo nitamshukuru daima.

"Kocha," Furaha akasema, "mguu yangu inatetemeka."

"Vuta pumzi."

"Nimevuta. Haisaidie." Akaugeuza mpira mikononi. "Nyandeng iko na wimbo ya ngombe ya baba yake, njo anaimbaka akipiga. Ba Turkana biko na ya kwabo. Miye sina ngombe. Baba alikuwaka anafuga kuku tu." Akatazama kule kwenye kengele. "Ile kengele, banasema ilikuwa ya ngombe yako. Unaweza kunikopesha yeye? Kwa mara moja tu."

Sikujua kwamba walijua. Sikujua kwamba Ekiru, akiwa amekaa pale na saa yake, alikuwa anawaelezea wasichana mambo ya Lomeri, doa kwa doa, kila nilipokuwa naelekea upande wa pili wa uwanja.

Nilitaka kumwambia kwamba Lomeri hayupo. Halafu nikafikiri kwamba hata mimi nilipomwimbia hakuwepo, na mpira uliingia. Lakini ili yeye aimbe ilibidi anisikie mimi kwanza. Sikuwa nimeimba wimbo ule tangu Kaaleng. Nilianza, sauti ikakatika, nikaanza tena. Nilimwimbia mwenye madoadoa, ambaye pembe yake moja inaangalia mbinguni na nyingine inamwonyesha njia, ambaye akitoka kwenye maji haharakishwi na mtu. Ni wimbo mfupi. Nilimwambia, "Rudi naye nyuma polepole. Wimbo ukiisha, geuka. Ukilitaja jina lake, weka mpira."

"Kama mbuzi," akasema.

"Kama mbuzi."

Nilitoka. Furaha aligeuka akatembea kurudi nyuma, midomo ikienda. Kiturkana chake kilikuwa cha Kikongo kabisa, na nusu ya maneno aliyakosea, lakini mwendo hakuukosea. Watu wa Lodwar walikuwa wanapiga kelele mpaka walipotambua anachoimba, ndipo wazee waliokaa upande wa kivuli wakanyamaza, na wengine wakanyamaza kwa kuwa wazee wamenyamaza. Akageuka. Akaja. Nilimsikia akilitaja jina, nikasikia mguu.

Mpira ulipita katikati, juu kuliko nguzo zenyewe.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili ndilo nililokalia kiti hiki kuwaambia. Wasichana hawakumkimbilia Furaha kumkumbatia kama mnavyofanya kwenye soka. Yule wa mjini aliyempigia ndiye aliyeanza. Alisimama mbele yake, akanyanyua mkono wa kulia wima, akauinamisha wa kushoto karibu na jicho. Nyandeng akafanya vivyo hivyo. Wakafanya wote, wa kambini na wa mjini, wakaanza kuruka pamoja, na wale wa Lodwar walioshindwa wakajiunga kwa sababu mtu hawezi kutazama ngoma ya aina hiyo akabaki amesimama. Niliona jezi za timu mbili zimechanganyika kama madoadoa, niliona mikono ile, na nikamwona dume wangu amejaa uwanja mzima. Waliporudi Kakuma hakuna aliyeangalia amekaa upande gani wa lori.

Ekiru alikuwa amesimama kando yangu, kengele mkononi. Hakuniangalia. Aliitikisa kidogo, jinsi ilivyokuwa inalia Lomeri akitoka kwenye maji, na mimi nikanyanyua mikono. Wa kulia ulipanda. Wa kushoto, tangu yule mkulima wa ngano, haupandi zaidi ya jicho. Lakini pembe ya kushoto ya Lomeri nayo haikuwahi kupanda.